Fundi akiweldi juu ya elbo, ni nani anayetia sahihi?

Mpwa wangu ni fundi wa kuweldi, na mkono wake ni mzuri. Nasema hivi mapema kwa sababu nitakayoyaandika hapa yanamgusa, naye amekubali niyaandike. Mwezi uliopita alinipigia simu baada ya Isha akaniambia, "Mjomba, kesho asubuhi una shughuli? Kuna tajiri hapa ataka mtu mzima aje amwambie kazi yangu iko sawa." Sauti yake haikuwa ya mtu mwenye wasiwasi. Ilikuwa ya mtu anayengoja kulipwa salio lake.

Nikaenda. Ni kwa mpishi wa harusi, upande wa Kisauni, mahali ambapo usiku wa kuamkia Ijumaa hupikwa sufuria kumi na mbili za biriani kwa pamoja. Nje ya ukuta kuna mitungi sita ya gesi ya kilo 50 iliyounganishwa, na kutoka hapo bomba la chuma la inchi 2 linapita juu ya ukuta hadi kwenye majiko. Mwenyewe alitaka kuongeza majiko mawili. Ili kuigawa gesi ilihitajika tii. Tii ya inchi 2 ya kuweldi haikupatikana dukani siku ile, na harusi ilikuwa Ijumaa. Basi mpwa wangu akaitoboa elbo iliyokuwepo, pale mgongoni, akaweldi soketi ya robo tatu juu ya tundu, akavuta laini mpya kutoka hapo. Kazi ikaisha kwa nusu siku.

Mshono ulikuwa safi, umelala vizuri kama mkeka uliosukwa. Lakini elbo ni elbo, na nilipotikisa kichwa tajiri akaniuliza, "Mzee wangu, kwani kuna sheria inayokataza?"

Nilimjibu kwamba kanuni za uhandisi hazikatazi kuweldi juu ya fitingi. Akamgeukia mpwa wangu kama mtu aliyeshinda kesi. Nikamwambia ngoja, sijamaliza. Kanuni hazikatazi, lakini zinataka mtu athibitishe kwa maandishi kwamba kilichofanywa kitahimili, kisha atie sahihi. Nikauliza aliyetia sahihi ni nani. Pakawa kimya.

Nimefanya kazi ya mabomba zaidi ya miaka thelathini, sehemu kubwa upande wa Changamwe na bandarini, na miaka yangu ya mwisho nilikuwa mkaguzi wa mishono. Suala hili nimelikuta kwenye boila za hoteli, kwenye majokofu ya samaki, kwenye matangi ya maji na sasa kwenye gesi ya kupikia, ambayo inaingia majumbani na mikahawani kwa kasi kuliko mafundi wanavyofunzwa. Kwa hivyo naomba msomaji anivumilie nilieleze kidogo, maana waliolipwa kulieleza hawaonekani.

Elbo ya kuweldi, ile inayotengenezwa kiwandani, ina kiwango chake. Kwenye kazi za mafuta na gesi kinachotumika sana ni kile cha wahandisi wa mitambo wa Marekani, ASME, kiitwacho B16.9. Kiwango hicho kinasema elbo itakuwa na vipimo gani, na kwamba itahimili presha sawa na bomba lililonyooka la unene uleule. Mtengenezaji huthibitisha hilo kwa hesabu, au kwa kuifunga elbo ya mfano, kuijaza maji na kuipandisha presha hadi ipasuke au ipite kipimo kilichowekwa. Ndipo anapata haki ya kuigonga muhuri. Sasa angalia: kilichohesabiwa na kupimwa ni elbo nzima, isiyo na tundu. Siku unapoitoboa mgongo na kuibandika soketi, muhuri bado upo juu ya chuma lakini hauzungumzii tena kitu ulicho nacho mkononi. Umetengeneza fitingi mpya, na mtengenezaji wake ni wewe.

Hapo ndipo inapoingia kanuni ya ujenzi wa mabomba, B31.3 kwa viwanda, na ndugu zake kwa mvuke na kwa mabomba ya masafa marefu. Kanuni hiyo ina njia ya kumpokea mtu aliyetengeneza kitu kisicho kwenye orodha yake. Fanya hesabu, kisha uiunge mkono kwa ushahidi: ama kitu kama hicho kimetumika sana mahali pa hali kama hiyo bila tatizo, ama umekipima hadi kikomo chake, ama umechunguza mkazo wa chuma kwa vipimo au kwa kompyuta. Hata kuweldi mguu wa kuegemeza chini ya elbo ni jambo la kila siku viwandani, na kuikata elbo ya digrii 90 ili ipatikane kona ndogo zaidi pia hufanyika. Kwa hivyo anayekuambia kwamba kuigusa fitingi ni haramu moja kwa moja, huyo naye hajaisoma.

Mpwa wangu alipenda sana sehemu hiyo. Akapenda zaidi nilipomwambia kwamba kwa presha peke yake, kazi yake ingepita. Bomba la inchi 2 la skejuli 40 lina unene wa karibu milimita 3.9. Laini ile hubeba gesi ya takriban ba moja. Ukipiga hesabu, chuma kinachohitajika kuishikilia presha hiyo hakifiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Kanuni hutaka chuma kilichotolewa kwenye tundu kifidiwe na chuma cha ziada kilicho kando yake, na hapa ziada ni tele. "Basi mjomba tumalizane," akasema.

Ningetamani yaishe hapo. Lakini presha ni jambo moja tu, na mara nyingi ndilo jepesi. Chukua bomba la mvuke la hoteli. Mvuke wa ba kumi una joto la digrii 180 hivi. Bomba la chuma la mita 30 likitoka digrii 30 likafika huko, hurefuka kwa zaidi ya sentimita tano. Sentimita tano hizo lazima ziende mahali, na huenda kwenye elbo. Elbo ndiyo goti la bomba. Inajikunja kidogo, duara lake linabonyea likawa kama yai, kisha linarudi, kila boila inapowashwa na kuzimwa. Ukiliweldi soketi goti hilo, umelifunga mahali pamoja, na mkazo wote unahamia ukingoni mwa mshono wako. Kwa tii na kwa elbo ya kawaida, kanuni zinatoa namba za kukadiria mkazo huo. Kwa elbo iliyobandikwa tawi mgongoni hazitoi, ndiyo maana mhandisi anatakiwa akae achunguze kitu hicho chenyewe. Ufa wa aina hiyo hauji siku ya kwanza. Huja baada ya miezi, au miaka, ya kuwasha na kuzima.

Zipo fitingi za kiwandani zilizotengenezwa mahsusi kukaa mgongoni mwa elbo, nene na zenye umbo la kuukumbatia mkunjo wake. Zina bei, na huku kwetu huagizwa. Soketi ya robo tatu hupatikana kila duka.

Nikawaambia tuitoe elbo ile tuitazame. Tajiri alinung'unika, akakubali. Walipoifungua laini na kuipeperusha hadi hakuna gesi iliyobaki, tukaikata, nami nikaipasua katikati kwa grainda. Nje, kama nilivyosema, mkeka. Ndani, karibu nusu ya mzunguko, rodi haikupenya. Ukingo wa tundu ulikuwa unaonekana vilevile ulivyokatwa, na kati ya soketi na elbo palikuwa na mfereji mwembamba unaoweza kuingiza ukucha. Kanuni inataka tawi lililokaa juu ya bomba liweldiwe kwa mshono uliopenya hadi ndani, mzunguko mzima. Mpwa wangu alitumia rodi ya 6013, ambayo ni nzuri kwa geti na dirisha lakini haipenyi sana, na hakuuchonga ukingo kabla ya kuweldi. Hakuna aliyewahi kumwambia. Alikitazama kipande kile kwa muda mrefu, akaniuliza kama anaweza kwenda nacho.

Nilimuuliza pia alifanyaje na gesi siku alipoweldi mara ya kwanza. Akasema alifunga mitungi akawasha majiko mpaka moto ukazimika wenyewe. Sikumjibu kwa dakika nzima. Moto wa jiko ukizimika maana yake presha imeisha, haina maana bomba liko tupu. Na gesi hii ya kupikia ni nzito kuliko hewa, haipai. Hutambaa chini, hukaa kwenye mifereji na pembe za sakafu ikingoja cheche.

Jambo ninalolikuta zaidi mitaani wala si elbo za kuweldi. Ni zile fitingi za GI, zenye thredi, tunazotumia kwenye maji. Zile ni chuma cha kusubu kilichopikwa ili kisivunjike ovyo, kisha kikapakwa zinki. Ukikiweldi, sehemu iliyopata joto hurudi kuwa ngumu na dhaifu kama kigae, na ufa huanzia hapo. Zinki nayo huungua ikatoa moshi mweupe unaomtia fundi homa na baridi usiku. Maziwa tunayokunywa kwa ajili yake hayaondoi chochote, ingawa nimeyanywa mengi. Na pale zinki ilipoungua ndipo chumvi ya bahari inapoanza kula. Aliye Nairobi anaweza kukaa na kosa hilo miaka kumi. Aliye Nyali au Likoni, upepo wa kusi utamwonyesha mapema.

Kuna na ile tabia ya kiungo cha thredi kuvuja, fundi akapiga weldi juu yake kukiziba. Hili kanuni inalitaja waziwazi. Inaruhusu, lakini welda awe aliyehitimu, thredi zote zilizo nje zifunikwe, kiungo kiwe kimekazwa bila utepe wala mafuta ya thredi, na mshono huo usihesabiwe kuwa umeongeza nguvu yoyote. Kwetu unapigwa juu ya utepe mweupe, ambao huungua na kuacha vitundu, kisha mwenye nyumba huambiwa kiungo kimekuwa imara zaidi kuliko zamani.

Tajiri alikuwa na hoja moja ambayo nimeisikia maisha yangu yote: elbo ile ilikuwa imekaa wiki tatu haijavuja. Nikamsimulia habari ya Flixborough, Uingereza, kiwanda kilichokuwa kikitengeneza malighafi ya nailoni. Mwaka 1974 kulikuwa na mitambo sita iliyopangwa mfululizo, mmoja ukapata ufa ukaondolewa, na ili kazi isisimame wakaunganisha uliotangulia na uliofuata kwa bomba la inchi 20 lililopindwa, lililoungwa na viungo vya mpindo vyenye mikunjo kama ya kodiani. Mchoro wake ulichorwa kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Mhandisi wa mitambo wa kiwanda alikuwa ameondoka na nafasi yake haijajazwa. Waliolitengeneza walikuwa watu wenye bidii, na uchunguzi uliofanywa baadaye haukukuta kwamba walikuwa wazembe wa mikono. Ulikuta kwamba hawakujua wasilolijua, na hakukuwa na mtu wa kuwaambia. Lilipimwa kwa presha ya chini kuliko ile ambayo valvu ya usalama iliwekwa kufungukia. Bomba lile lilifanya kazi miezi miwili, halikuvuja. Tarehe 1 Juni, siku ya Jumamosi, lilikatika, na watu 28 wakafa. Ingelikuwa siku ya kazi, ofisi zikiwa zimejaa, wangekufa wengi zaidi.

Jikoni kwa biriani si Flixborough, najua. Lakini siku ya harusi huwa kuna wapishi, vijana wa kubeba, akina mama wa kuchambua mchele na watoto waliofuata mama zao.

Sasa tuje kwa wanaotakiwa kulinda. Sheria tunazo. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 inataka boila na mitungi ya presha ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Kanuni za gesi ya kupikia za mwaka 2019 zimeipa EPRA mamlaka juu ya biashara hiyo. Sheria ya wahandisi ya 2011 inasema nani anaweza kujiita mhandisi. Lakini kumbukeni usiku wa tarehe 1 Februari 2024 kule Embakasi, gesi ilipolipuka, watu wakafa na mamia wakajeruhiwa. EPRA ilieleza kwamba maombi ya kujenga kituo mahali pale yalikuwa yamekataliwa mara tatu mwaka uliotangulia. Nayaamini maneno hayo, na ndiyo yanayonitisha. Karatasi ilikataliwa ofisini, gesi ikaendelea kuwepo uwanjani.

Kwa mpishi yule nilitazama ukutani. Leseni ya kaunti ipo. Cheti cha zimamoto kipo, na mitungi ya kuzimia moto imekaguliwa, tarehe zimeandikwa. Vyeti vya afya vya wapishi vipo. Nikamuuliza kama kuna ofisa yeyote aliyewahi kuuliza bomba liliweldiwa na nani. Akacheka. "Mzee, hao huja kutazama vigae."

Na mafundi wetu nao? Mpwa wangu ana gredi ya NITA na anajivunia, kwa haki. Lakini gredi ile inasema anajua kuweldi. Haisemi anaweza kuweldi bomba la unene huu, kwa rodi hii, kwa mkao huu, kufuata utaratibu ulioandikwa na kupimwa. Hilo ni jaribio jingine, na vijana wetu wa Pwani wanaoomba kazi za Ghuba wanalijua vizuri: unapewa bomba lililoinamishwa digrii 45, haligeuzwi, unalizunguka wewe, kisha mshono wako unapigwa picha au unakatwa vipande na kupindwa. Ukifeli hupandi ndege. Inaniuma kwamba kijana wa Mombasa anapimwa hivyo ili akaweldi bomba la Qatar, na hapimwi kabisa anapoweldi bomba lililo juu ya kichwa cha mama yake.

Simlaumu fundi peke yake. Anayelipa ndiye anayeweka mwendo. Ukimwambia mteja kwamba tii itafika Jumatatu, atamwita mwingine atakayemaliza Alhamisi kwa nusu ya bei, na huyo wa pili ndiye atakayesifiwa. Na simtaki kila mwenye mkahawa wa viazi karai aajiri mhandisi. Ninalolitaka ni dogo: kaunti inapotoa cheti cha zimamoto kwa mahali penye gesi ya bomba au boila, iombe karatasi moja ya ziada. Mchoro wa laini, hata wa mkono. Jina la aliyeweldi na jaribio alilopita. Presha iliyotumika kupima, na kwa muda gani. Na palipobadilishwa fitingi yoyote, sahihi ya mhandisi aliyesajiliwa, ambaye siku ya msiba ataulizwa kwa jina. Vyuo vyetu vya ufundi hapa Mombasa vina karakana na walimu; jaribio la mshono wa bomba wanaweza kulifanya wikendi kwa ada ya kawaida. Najua watakaosema hiyo ni njia mpya ya kuomba hongo. Inawezekana. Lakini hongo ya leo inaliwa kwa ajili ya vigae.

Tii ilipatikana baada ya siku mbili, duka jingine kabisa, si mbali na lile la kwanza. Mpwa wangu alichonga kingo, tukaazima rodi zinazofaa, akaweldi polepole nami nimekaa kwenye kigoda nikimtazama kama mwalimu wa chuo mwenye fimbo. Tukapima kwa hewa na maji ya sabuni, tukaiacha usiku kucha, asubuhi geji ilikuwa palepale. Tajiri alilipa, akikata gharama ya elbo ya kwanza, jambo ambalo bado wanazozana.

Tulipokuwa tunafunga vyombo akamwambia mpwa wangu, kana kwamba ni jambo la kawaida, kwamba lile jiko lake jingine la Mtwapa alilomfanyia mwaka juzi nalo lataka kuongezwa majiko. Nikamtazama kijana. Akainamisha macho. "Kule ziko tatu, mjomba," akasema, "na mojawapo iko juu ya dari." Tumekubaliana twende Jumamosi asubuhi, kabla hawajawasha moto.